Taa ya Manjano ya Mama Pétronille

Sebahire akikohoa asubui mu garaji yake, atakuambia kwanza kama ni karburateri ao ni baridi ya Masisi. Njo vile iko. Hana diplome hata ya kufagia, lakini ukimuuliza mekanisye wa kwanza hapa kwetu ni nani, anaangaliaka kushoto, anaangalia kuume, halafu anasema: "Mwingine simuoni."

Masomo aliacha mu mwaka ya tano ya primere, na hakuna muntu alimufukuza. Siku moja, mwalimu anafundisha hesabu, moto ya direktere, pikipiki ya mukubwa wa masomo, ikaanza kukohoa mu kiwanja. Tu-tu-tu, kimya. Tu-tu-tu, kimya. Sebahire akavumilia mara tatu. Mara ya ine akapita mu dirisha. Akatoa buji, ile kidude ya kuwasha moteri, akaipulizia, akaisugua na kaputula yake, moto ikalamuka ikalia vizuri. Direktere akamuambia aksanti mwanangu, rudia mu klase. Sebahire akajibu: "Direktere, mu klase hakuna kintu chenye kimekufa." Akatoka mu barabara, na mulango ya ile masomo hakuipita tena mpaka leo.

Alienda kwa muzee Byamungu, mutengenezaji wa makamyo, yale malori makubwa, akakala kule miaka kumi na mbili, akatoka anajua moteri sawa vile mama anajua chungu yake. Wakati muzee alikufa, alimuachia sanduku ya chuma ya bluu, na jina BYAMUNGU imeandikwa juu na rangi nyeupe. Mule ndani iko makle, spana za kufungua moteri, kuanzia sita mpaka makumi tatu na mbili. Ya kumi na tatu tu njo haiko. Ilianguka mu muto pale Hombo, na kila muteja mwenye aliuliza, Byamungu alimujibu vile vile: "Ni mimi niliiangusha, na mikono yangu hii." Hakusemaka hata siku moja eti muto iliiba. Chini kabisa ya sanduku iko shinyoli, ile mashini ya kutoboa chuma yenye inazungushwaka na mukono. Sebahire anapenda makle, lakini shinyoli njo anapanguzaka na mafuta kila siku ya Mungu mbele ya kwenda misa.

Garaji iko pembeni ya barabara, pale yenye inaanza kushuka kwenda Nyabiondo na Walikale. Bati tano juu ya miti ine, shimo moja ya kuingilia chini ya magari, na kiti moja ndefu ya batu wenye hawana kazi. Ile kiti haikosake batu. Iko pia imbwa moja ya rangi ya udongo, jina yake Direktere, juu ya kazi yake ni kukala na kuangalia bengine banatumika.

Sasa tuingie mu mambo ya gari.

Mama Pétronille ni mama wa fromaji, ile jibini ya maziwa ya ngombe. Anazikusanyaka kwa bafugaji wa juu kwenye milima, fromaji za mviringo, za manjano, ya nguvu kupita zote za dunia, na mwenye anabisha akuye aonje. Ana kamyoneti moja ya kijivu. Anaiendeshaka yeye mwenyewe, miguu bila viatu juu ya pedali, anasema viatu binamuziba masikio. Siku ya ine ya juma anapakia, siku ya tano asubui anashuka Walikale, siku ya Mungu anarudia na gari mutupu. Kule chini batu banapenda fromaji laini, yenye imetoka mu mayi ya chumvi siku ile ile. Ukibapelekea ile ya kukauka, banakuuliza kama umebaletea pine ya gari.

Ile kamyoneti iko na kintu chenye banaitaka ABS. Sebahire anaielezaka hivi: kila pine iko na sikio yake, kidude kidogo, jina yake kapter. Ile masikio ine inaskilizaka vile mapine inazunguka, inapeleka habari kwa ordinateri moja ndogo, kompyuta ya gari. Kama umeponda freni, ile breki, mu matope na pine moja imekwama, ordinateri inaiachilia kidogo, inaikamata, inaiachilia tena, haraka haraka, ili gari isiteleze kama sabuni.

"Lakini kama sikio moja inadanganya," Sebahire anasema, "ordinateri inaamini pine imekwama, kumbe inazunguka tu. Inaachilia freni bila sababu. Ni kama bibi yako akuambie nyumba inaungua, unatoka mbio suruali mukononi, kumbe ni mahindi anachoma."

Na kweli, siku ya tano moja pale Mpofi, fasi yenye bamama banauzishaka pembeni ya barabara, Mama Pétronille aliponda freni polepole ili asimame. Mu tablo, pale mbele ya usukani, taa ya manjano ikawaka. Pedali ikaanza kuruka chini ya muguu wake sawa chura, na gari ikaendelea kutembea. Haikuenda mbali, metre tatu tu. Lakini mu ile metre tatu mulikuwa meza ya Mama Victorine. Hakuna muntu aliumia. Chikwange makumi ine, mikate ya mihogo, njo zilikufa, na Mama Victorine alitukana mpaka ndege bakahama pori.

Mama Pétronille akapeleka gari kwa Yves. Yves naye ni mekanisye, bamezaliwa mwaka moja na Sebahire. Alisomea Goma, iko na aparei ya kufunga kwenye gari yenye inasoma ugonjwa na kuuandika mu ekra, kioo yake. Suruali yake haina mafuta hata doa moja, na njo kintu Sebahire hajamusamehe.

Aparei ikasema: sikio ya nyuma, ya kushoto. Yves akatoa kapter ya zamani, akatia ingine. Taa ikazimika. Siku ya tano yenye ilifuata, mbele ya Mpofi, taa ikawaka. Yves akatia kapter ya pili. Taa ikazimika vizuri sana, na siku ya tano ikawaka tena.

Siku ya kwanza ya juma, Mama Pétronille akasimamisha kamyoneti mbele ya garaji ya Sebahire. Yves alikuwa anapita na moto yake, akasimama naye. Ile kiti ndefu ilikuwa imejaa.

"Papa Gisubizo," Mama Pétronille akamuita Sebahire na jina ya mutoto wake, "hii gari inanichekelea. Nikishuka, taa inawaka. Nikipanda, inazimika. Ikifika kwa mekanisye, inakuwa mutakatifu."

"Gari inajua kwenye inaenda," Sebahire akasema. "Ikisikia jina yangu inaogopa."

"Aparei imesema sikio ya kushoto," Yves akasema. "Aparei haidanganyake."

"Kaka Yves, aparei yako ni kama ule jirani anakuonesha nyumba yenye iko kelele, lakini hajui nani anapigana na nani. Umebadirisha sikio mara mbili. Ingekuwa muntu, ungemutia na sikio ya mbuzi."

Kiti yote ikacheka. Yves akacheka kidogo, na meno ya mbele tu.

"Basi tafuta wewe. Na nini? Na pua?"

Pale Sebahire angenyamaza. Muntu yeyote mwenye akili angenyamaza. Lakini kiti nzima ilikuwa inamuangalia, na Sebahire mbele ya macho ya batu ni sawa maziwa juu ya moto.

"Nipe mpaka siku ya tano," akasema. "Tutashuka sisi batatu mu hii gari, na fromaji ndani. Kama ile taa itawaka mbele tufike Mpofi, unakamata hii."

Akapiga mukono juu ya sanduku ya bluu.

Kicheko ikakatika.

"Sanduku ya Byamungu?" mutu moja akauliza polepole.

"Na makle yake yote."

Uwamwezi, bibi yake, alikuwa anachambua maharagi pale kando. Sahani ikatoka mu mikono. Akaanza kuokota maharagi, moja moja, na kila moja aliyookota alimuangalia bwana yake.

*

Ile siku Sebahire aliinua gari na kriki, akaingia chini, akafuata waya ya kushoto kutoka kwenye pine mpaka juu ya shasi, chuma yenye inabeba gari, kwenye fishi, ile fasi waya mbili zinaungana. Akafungua tester yake, akapima kapter: nzima. Akazungusha pine na mukono: kapter ikasema. Akavuta waya, akaitingisha, akaipinda: ikasema tu. Fishi ya juu ilikuwa imefunikwa na matope ya kukauka, ngumu sawa simenti. Akaipiga na kidole, ikalia ko-ko. "Wewe umelala," akaiambia, akaiacha.

Hapo njo alikosa. Lakini tumuache aende.

Siku ya pili akafikiri: gari inagonjwa ikishuka na muzigo, inapona ikipanda mutupu. Basi ni muzigo. Nyuma inalemewa, shasi inashuka, waya inavutwa. Akafurahi mpaka akaanza kuimba. Akajaza kamyoneti mawe, kilo sawa na za fromaji, akamuomba Mama Pétronille batembee pamoja. Bakashuka mpaka Nyabiondo, mashimo yote bakaipiga bila kuruka hata moja. Mama Pétronille akaponda freni mara makumi mbili. Pedali ikatulia, taa ikalala.

"Haiko muzigo," Mama Pétronille akasema.

"Nilijua," Sebahire akasema. "Nilitaka tu wewe pia ujue."

Siku ya tatu Yves akakuya na kamba mukononi. Hakusalimia mutu. Akapima sanduku ya bluu kwa urefu, akapima kwa upana, akafunga fundo mu kamba.

"Unafanya nini?" Sebahire akauliza.

"Nataka nione kama itaingia mu kabati yangu. Endelea na kazi, kaka, usisumbuke."

Mangaribi, Sebahire alikula bila kusema. Hii ni habari kubwa. Mu ile nyumba, Sebahire anasemaka hata na chumvi mukononi. Uwamwezi akamungoja amalize bugali.

"Papa Gisubizo, mi sijue gari."

"Ndiyo."

"Lakini nikuulize. Mama Pétronille kule Walikale anauzishaka mawe?"

"Mawe ya nini? Anauzisha fromaji."

"Sasa ju ya nini ulimupakia mawe?"

Sebahire akafungua kinywa ili amueleze mambo ya kilo. Akaifunga. Uwamwezi akatoa sahani mbele yake bila yeye kuona.

Siku ya ine, saa nane ya muchana, Mama Pétronille akakuya kupakia pale pale kwenye garaji, juu Sebahire alimuomba afanye kila kintu vile anafanyaka, asibadirishe hata jani. Fromaji zikatoka mu madumu ya mayi ya chumvi. Mama Pétronille akazipanga mu karosri, kule nyuma kwa kupakilia, juu ya majani ya ndizi, safu juu ya safu, akafunika na shiti ya plastiki, akafunga kamba. Sebahire akakala chini kwenye kibao, akaangalia ile gari sawa muntu anangojea kesi yake isomwe.

Direktere akakuya. Ile imbwa haitembeake muchana, lakini akalamuka, akanyoosha mugongo, akaenda mustari moja mpaka kwenye pine ya nyuma ya kushoto. Akaingiza kichwa kati ya pine na shasi, akaanza kulamba.

"Toka!" Sebahire akamutupia kitambaa.

Direktere akatoka. Akangoja. Akarudia pale pale, akalamba.

"Nimesema toka! Hata wewe umekuya kupima sanduku?"

Mara ya tatu Sebahire akainuka amukamate kwa shingo. Mukono ikabaki juu hewani. Pine ine, imbwa moja. Ju ya nini hii pine tu?

Akalala chali, akaingia chini ya gari, kichwa kwenye ile fasi Direktere alikuwa anaweka yake. Akaangalia juu. Tone moja ikatoka mu giza, ikamuanguka kwenye mudomo. Akailamba.

Chumvi. Chumvi na maziwa.

Tone ya pili ikaanguka. Ile haikumufikia. Ilianguka juu ya fishi, ile fishi ya matope, na matope yenye siku ya kwanza ilikuwa simenti sasa ilikuwa bugali laini. Sebahire akaipangusa na kidole, akafungua fishi. Nusu ya chini, yenye ilikuya na kapter ya Yves, ilikuwa inang'aa. Nusu ya juu, yenye hakuna mutu aligusa tangu gari izaliwe, ilikuwa imekuwa kijani, imeoza sawa jino. Kila siku ya ine inakunywa mayi ya fromaji, siku ya tano inalewa na kusema uongo kwa ordinateri. Siku ya Mungu gari inarudia mutupu, inakauka, inatubu.

"Nimekukamata!" Sebahire akalia kule chini. "Nimekukamata, mulevi!"

Halafu akaangalia kwenye ile tone inatokea. Ilikuwa tundu mu chini ya karosri. Tundu ya mviringo kamili, pembe zake safi, kazi ya fundi.

Kicheko ikamukauka.

Ile tundu alikuwa anaijua. Mwaka yenye imepita, Mama Pétronille alilalamika eti fromaji zinakala ndani ya mayi mu karosri, zinaoza chini. Sebahire alitoa shinyoli, akazungusha, akatoboa tundu moja ili mayi itoke, akaipulizia na kusema mbele ya kiti yote: "Tundu kama hii, hata Ulaya bataiomba."

Uwamwezi akaona miguu ya bwana yake inatoka chini ya gari na haitikisike. Akainama.

"Umekufa ao umejua?"

"Nimejua."

"Ni nini?"

"Ni kintu ngumu sana, Mama Gisubizo. Mambo ya kuran, umeme ya gari."

Uwamwezi akaingiza kichwa, akaona tone, akaona fishi, akaona tundu. Akaitambua pia. Akakala chini mu matope na kitenge yake ya bei, akacheka mpaka Mama Pétronille akauliza kule kuna nini.

"Hakuna kintu," Uwamwezi akajibu, anapangusa macho. Halafu polepole, kwa bwana yake: "Sitasema. Kwa mutu yeyote sitasema. Nitakukumbusha tu wewe, asubui na mangaribi, mpaka tufe."

Mbele jua iingie, Sebahire alikata ile fishi ya kuoza, akaunga ingine aliyotoa mu gari moja ya kufa, akaifunga na kaucu, mpira ya pine, ili mayi isiingie. Kwenye tundu akafunga tuyo ndogo, bomba ya kupitisha mayi, akaipitisha chini ya shasi mpaka nyuma kabisa, itoe mayi yake pale mbali na masikio ya gari.

*

Siku ya tano bakashuka. Mama Pétronille kwenye usukani, miguu bila viatu. Sebahire kati. Yves pembeni ya mulango, na sanduku ya bluu juu ya magoti. Alisema anaishika tu ili isigongwe.

"Ni nzito," Yves akasema kwenye mulima ya kwanza.

"Usiizoee."

Njia ikashuka, ikaacha malisho ya ngombe, ikaingia kwenye miti mikubwa. Fromaji zilikuwa zinalia nyuma, tuyo inatiririka. Kila kona, Sebahire macho yake mu tablo. Mama Pétronille anaponda freni, Sebahire anabana meno. Kashebere bakaipita, taa imelala. Mvua ikaanza, taa imelala. Muto moja ndogo ikakatisha njia, bakaingia, bakatoka, pedali haikuruka.

"Bado Mpofi," Yves akasema, na akapapasa sanduku sawa muntu anapapasa mbuzi yake.

Bakafika. Mama Victorine alipoona kamyoneti ya kijivu kwa mbali, alikamata meza yake na mikono mbili, akairudisha nyuma mpaka ukutani, na yeye mwenyewe nyuma ya meza. Mama Pétronille akaponda freni.

Gari ikasimama. Haikuongeza hata kidole moja.

Yves akafunga aparei yake. Akaisoma, akaisoma tena. Masikio yote ine ilikuwa inasema kweli. Akashuka, akaweka sanduku chini, mbele ya miguu ya Sebahire. Batu bakazunguka, juu mu Mpofi bote balikuwa bamesikia mambo ya ile taa.

"Umeshinda, kaka," Yves akasema. "Sasa sema. Ilikuwa nini?"

Ile ulizo, Sebahire aliingoja siku ine. Akakohoa.

"Hii kintu, kaka, hamufundishwake kule Goma. Hewa ya milima yetu iko na chumvi ndani. Ikishuka kwenye pori, inakutana na joto. Pale kuran inachanganyikiwa..."

Batu bakatingisha vichwa. Mama Victorine akasema eh, hata yeye ile hewa inamuumizaka magoti. Lakini Yves ni muntu wa masomo, hewa haikumutosha. Akaangalia matope, akaangalia suruali yake safi, akalala chini na kuingia pembeni ya pine ya nyuma ya kushoto. Bakamusikia anagonga. Alipotoka, suruali ilikuwa na rangi ya barabara, na uso wake unacheka.

"Mayi ya fromaji! Ilikuwa inaanguka mu fishi! Na mi nilikuwa nabadirisha kapter tu, sikuangalia nusu ya juu. Sebahire, kazi yako ni ya kweli, ninakukubali mbele ya hawa batu. Lakini nieleze kintu kimoja. Ni kipofu gani alitoboaka tundu juu ya fishi?"

Mama Pétronille akageuza kichwa. Midomo yake ikafunguka kidogo, na macho yake ikamuangukia Sebahire, ikabaki pale.

Sebahire alikuwa na jibu kumi. Kuna mafundi bengi huku barabarani, kuna bengine bamesha hama, mutu moja hawezi kujua kila tundu. Jibu moja ilikuwa tayari kwenye ulimi. Lakini chini, mbele ya viatu vyake, ile jina nyeupe ilikuwa inamuangalia, na mule ndani fasi ya kle ya kumi na tatu ilikuwa wazi. Ni mimi niliiangusha, na mikono yangu hii.

"Ule kipofu," Sebahire akasema, "iko hapa."

"Wapi?"

"Hapa. Unamupumulia kwenye uso."

Sebahire akainua kidevu.

"Ni mimi nilitoboa. Na msicheke! Chini ya hii gari iko metre ine za chuma. Fishi iko kubwa sawa kidole. Nani mwingine, kutoka Masisi mpaka Walikale, angetoboa tundu moja tu, bila kuangalia, na ianguke juu ya fishi kabisa kabisa? Yves, wewe na ordinateri yako ungejaribu mwaka muzima!"

Kicheko yenye ilipasuka pale, banasema iliskika ngambo ya muto. Yves alishika mulango ya gari ili asianguke. Mama Victorine, chikwange makumi ine mu roho yake, alitaka kukasirika, ikamushinda, akamupiga Sebahire na kitambaa ku mabega na kucheka pamoja na bengine.

Mama Pétronille njo alikuwa wa mwisho kutulia. Akapanda juu ya kizingiti ya gari.

"Muskilize. Sanduku inabaki kwa mwenye alipata ugonjwa. Sebahire alipata, taa imelala, hakuna mabishano."

"Aksanti, Mama," Sebahire akasema, na akainama kuikamata.

"Sijamaliza. Shinyoli inatoka kwa mwenye alileta ugonjwa. Yves ataichunga. Siku utahitaji tundu, Papa Gisubizo, utamuita Yves, aangalie chini kwanza."

Sebahire akafungua sanduku. Akatoa makle, akayapanga juu ya majani, akafika chini. Shinyoli ilikuwa inang'aa na mafuta ya siku ya Mungu. Akaizungusha mara moja, ikalia kriii vile inaliaka. Akamupa Yves.

"Uipanguze," akasema. "Mbele ya misa. Na mafuta safi, haiko ya kamyo."

"Nitaipanguza," Yves akasema, na hakucheka.

Siku ya Mungu mangaribi kamyoneti ikarudia Masisi, ikasimama mbele ya garaji. Direktere akalamuka. Akaenda kwenye pine ya nyuma ya kushoto, akaingiza kichwa, akanusa, akalamba mara moja. Hakuna kintu. Akamuangalia Sebahire, sawa ile direktere mwingine siku ile ya dirisha. Halafu akafuata shasi na pua, polepole, mpaka nyuma kabisa, akaikuta tuyo, na tone ya mwisho inaning'inia. Akailamba, akazunguka mara mbili, akalala pale.

"Mama Gisubizo!" Sebahire akaita. "Kuya uone! Direktere amehamisha biro yake ya kazi!"

"Nimeona," Uwamwezi akajibu kutoka kwenye jiko. "Na nani alimutoboleaka ile ya kwanza?"